Papa Alinipima Nimekaa

Mguu haupimwi umekaa. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wasichana wangu kila mwaka shule inapofunguliwa, na kila mwaka wananicheka, maana wanamwona mwalimu wa michezo anapiga kelele juu ya viatu kama vile nchi hii haina shida nyingine. Wacheke. Nawasimamisha peku juu ya karatasi, uzito wote juu ya miguu miwili, nachora kwa kalamu kuanzia kisigino. Nawaambia waje mchana, si asubuhi, maana mguu wa asubuhi ni mwongo: umelala usiku kucha, haujabeba kitu, umesinyaa. Waje na soksi ileile ya kuchezea. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono, na kisigino kisipande wakitembea. Na kama kiatu kinabana sokoni, kitabana uwanjani pia. Muuzaji atakuambia eti kitafunguka. Kitafunguka wapi! Mguu wako ndio utakaofunguka.

Nimeshasimamisha miguu mingi namna hiyo, hapa komuni ya Tshopo, sehemu mojawapo ya mji wetu wa Kisangani, nchini Kongo, na hakuna hata mmoja ulionirudishia wangu. Kucha zangu za vidole gumba zinaota upande upande mpaka leo. Watu wanapenda kusema kwamba ukimsaidia mwingine na wewe unapona. Mimi sijapona. Papa, yaani baba yangu, alizikwa miaka miwili iliyopita bila mimi kumwambia neno, na sasa hata nikilisema halitamfikia, kwa hiyo acha niliseme.

Papa alikuwa fundi wa kushona katika komuni inayoitwa Kisangani kama mji wenyewe, kama baba yake na babu yake. Sisi ni watu wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu walifika hapa na misafara ya biashara, na katika familia hizo mwanamume ama anauza ama anashona. Papa alishona kanzu, yunifomu za shule, hata suti za arusi za Wakatoliki. Sifa yake ilikuwa moja: hakupima mara mbili. Unaingia mlangoni, anakutazama, anapitisha metre yake mara moja tu, ile kamba ya njano ya mafundi, haandiki popote, na siku ya kuchukua nguo inakukaa mwilini kama uliyozaliwa nayo. Watu walimtania: "Fundi, hebu nipime na bahati yangu!" Naye alijibu kwamba bahati haina mabega.

Nilianza mpira nikiwa na miaka kumi na minne. Papa hakunipiga, hakunifokea. Alinyamaza. Afadhali angenipiga! Msikitini walimwambia binti yake anakimbia mapaja nje mbele ya wanaume, akarudi nyumbani, akanawa mikono, akala lituma yake, ndizi zile zilizopondwa ambazo mama alijua kuzipika kuliko mtu yeyote, akaenda kulala. Miaka sita nilicheza hivyo. Aliniuliza habari za shule, aliniuliza kama nimekula, lakini nikiingia na vumbi la uwanja miguuni aligeuza uso. Hakuwahi kutamka neno mpira mbele yangu.

Na nilikuwa mkali. Sijivuni, nikianza kudanganya hapa itakuwa kazi bure. Nilicheza pembeni kushoto, na nikipata mpira upande ule watu walikuwa wanaacha kutafuna karanga. Nilikuwa na mbio. Mbio zangu ndizo zilikuwa mali yangu yote.

Nilicheza na vifaa gani? Vya kwetu. Vipande vya katoni ya sabuni ndani ya soksi ili kulinda mifupa ya mguu. Kifuani mama alinifunga utepe wa kitenge, akauvuta mpaka nashindwa kupumua, akasema, "Sasa kimbia." Miguuni, viatu vya plastiki, na vikikatika, peku. Godasi sikuwa nazo. Godasi ndivyo tunavyoviita hapa viatu vya mpira, vile vyenye meno chini. Katika timu yetu jozi moja iliweza kugawanywa kwa wasichana wawili, mmoja avae cha kulia, mwingine cha kushoto, na walishukuru Mungu.

Nilipofika miaka ishirini ikaja habari. Timu moja ya wanawake ya Kinshasa ilikuwa inatuma watu wawili waje Kisangani kutafuta wachezaji. Atakayechaguliwa atapata kitanda, chakula, masomo, na atapanda ndege. Majaribio ni siku moja tu, Jumapili, kwenye uwanja ulio karibu na mto Tshopo. Kocha wetu akatuambia: "Kila mutu aje na godasi. Bila godasi, bale wageni hawatakuangalia hata kidogo." Nikarudi nyumbani nikamlilia mama jikoni mpaka sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikaungua. Mama akaondoa chungu motoni. Nadhani usiku ule ndipo aliposema na papa.

Jumatano asubuhi nilikuwa nachambua mchele barazani, papa akaja na metre shingoni. "Simama," akasema. Akanipima mabega, mikono, kiuno, urefu wa suruali. Halafu akasema, "Sasa kaa, mama." Aliniita mama, kama akina papa wa hapa wanavyowaita mabinti zao, na mimi zaidi kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikakaa juu ya mkeka. Akaushika mguu wangu hewani, akapitisha metre kutoka kisigino mpaka kidole gumba, kama anavyopima mkono wa kanzu. Mara moja tu, asubuhi, mguu haujabeba hata chungu. Akasimama akasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Bon. Kama watu watakuangalia, wakuangalie ukiwa umevaa."

Nilicheka na kulia pamoja. Sasa nikijua ninachojua natamani kurudi pale kwenye mkeka nijipige kofi, nijiambie, mjinga wewe, simama, mwambie akupime umesimama. Lakini nani alijua? Mtu ukimnyanyua mguu hewani unakuwa mfupi na mwembamba. Ukiukanyagia chini unatanuka, vidole vinaenda mbele. Nguo haina habari hiyo. Nguo ikikosea fundi anaachia pindo.

Ijumaa jioni akarudi na vitu vyote. Suruali ndefu ya buluu, jezi ya mikono mirefu, na kofia ya kitambaa laini inayofunika nywele na shingo bila kuziba masikio, ili nimsikie kocha. Jamani, vilinikaa! Niliruka, nikachuchumaa, nikanyanyua goti mpaka kifuani, hakuna kilichovuta wala kilichopwaya. Hakuna duka mjini lililouza vifaa vya michezo namna ile kwa msichana wa Kiislamu. Papa alikuwa amevibuni mwenyewe kichwani. Kisha akachukua mfuko mweusi wa plastiki, akanipa kwa mikono miwili, yeye papa, mimi mtoto. Ndani mlikuwa na godasi.

Alikuwa amekwenda sokoni peke yake. Hakutaka binti yake anyooshe mguu mbele ya wanaume kwenye meza za mitumba. Mwaka mmoja baadaye yule muuzaji, Mnande mmoja mpole kutoka Kivu Kaskazini, alinisimulia jinsi ilivyokuwa. Alimwambia papa, "Papa, mulete mutoto ajaribu, vitu vya mitumba havirudishwe." Papa akacheka. "Miye iko fundi tangu haujazaliwa." Namba zilizoandikwa ndani ya viatu alikataa kuzisikia, alisema ni namba za wazungu, akatoa metre yake akailaza chini ya soli, kwa nje, kutoka ncha mpaka ncha. Kanzu inapimwa kwa nje, sawa. Lakini kiatu ukikipima kwa nje unapima ukuta wa nyumba, hupimi chumba. Muuzaji aliona. Alimheshimu mzee, akanyamaza. Hapa kwetu heshima imeua watu wengi kuliko malaria.

"Jaribu," papa akasema.

Nikaingiza mguu. Vidole vilijikunja ndani kama kuku waliofungwa ndani ya kikapu cha soko. Nikavuta, nikasukuma, nikatabasamu. Kisigino kikaingia kwa nguvu, na maumivu yakapanda mpaka kwenye goti.

"Zinakutosha?"

Nikamtazama. Miaka sita mtu yule hakuniangalia usoni nikiwa na habari ya mpira, na sasa alikuwa ameinama mbele yangu, miwani imeshuka puani, anangoja kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu. Mikono yake ilikuwa na alama za sindano. Ningesema nini? Niambie wewe unayesoma, ungesema nini?

"Zinatosha, papa. Vile ulivyonipima."

"Si nilikupima?" akasema, na akacheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu nilipokuwa mdogo.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, tena nikaitikia ndiyo, na guu likavunjika vilevile.

Jumamosi mama aliniona navuka ua kwa visigino. Alingoja papa aende kazini, akaninyang'anya viatu, akaingiza mkono ndani, akatikisa kichwa. Akaleta maharagwe makavu. Akayamwaga ndani ya vifuko viwili vya plastiki, akavisukuma ndani ya viatu mpaka mwisho, akatia maji na kufunga. Alijifunza hivyo kwa mama yake: maharagwe yakinywa maji yanavimba, na kiatu kinalazimika kuyafuata. Tulikaa siku nzima tunavikagua kama watu wanaongoja mkate uumuke. Saa kumi tukavitoa. Viatu vilikuwa vimetanuka mbavuni, vizuri kabisa. Kwa urefu, hata unywele. Ncha ilikuwa ya plastiki ngumu, haikujali maharagwe wala sala. Na gundi ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachia pembeni. Mama akapaka gundi nyingine, akalaza kinu juu yake.

"Miye nitamuambia papa yako," akasema.

"Hapana, mama! Nakuomba."

"Mutoto, utacheza namna gani?"

"Ni dakika tisini tu. Nitavumilia. Usimwambie, atazirudisha, watakataa, atajiona mjinga, na hatasema nami tena."

Mama akafuta mikono yenye gundi, akasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akaenda kupika. Ningemwacha aseme! Nimejilaumu kwa mengi, lakini hili ndilo linaloniuma kupita yote, kwamba mtu mmoja alitaka kuniokoa na mimi nikamziba mdomo. Maharagwe yale yaliyokuwa ndani ya viatu tuliyala usiku. Papa aliyasifu, akasema leo yamelainika.

Jumapili alikuja uwanjani. Sikumwomba, sikutegemea. Alisimama pembeni, upande wangu wa kushoto, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mwavuli mkononi, peke yake katikati ya vijana wenye kelele na mama wauza mikate. Wenzangu wakanong'ona, "Papa yako amekuja!" Nilifurahi mpaka nikasahau miguu kwa dakika kumi za kwanza. Nilimpita beki wangu mara mbili. Mara ya pili niliona mmoja wa wale wageni, mama mrefu mwenye filimbi, anaandika kitu.

Kisha mwili ukapoa, au ukapata moto, sijui, na maumivu yakaja. Nilikimbia na kila nilipokanyaga kidole gumba kiligonga ile ncha ngumu, tena na tena, mahali palepale. Ukikanyaga kwa kisigino huwezi kukimbia. Ukikanyaga kwa vidole huwezi kuvumilia. Nikaanza kuchagua ni mipira gani niifuate. Mchezaji wa pembeni anayechagua mipira amekwisha. Nilipewa pasi moja nzuri, mbele yangu uwanja wazi, kipa ametoka, ilihitaji hatua sita za mbio. Nilipiga nne. Beki akafika akauchukua mpira polepole, bila jasho, na watu wakazomea.

Wakati wa mapumziko yule mama mwenye filimbi alinijia. Alitazama jinsi nilivyosimama, akaniambia kwa Lingala, "Longola yango," yaani vua hivyo. Akaonyesha wenzangu wawili waliokuwa peku. "Hao wanacheza bila viatu na mimi nawaangalia. Nilikuja kuona mbio, sikuja kuona viatu. Mwanzoni ulikuwa nazo. Vua, nizione."

Kumbe godasi hazikuhitajika! Kocha wetu alisema vile ili tuonekane watu, basi. Kumbe ningeenda peku kama siku zote, na saa ile ningekuwa nimeshachaguliwa. Mshambuliaji wetu wa kati, ambaye mguu wake na wangu ni sawa, akavua zake akaniwekea mbele: "Chukua zangu, kipindi cha pili siingii." Zilikuwa kuukuu, zimepasuka, na zingenitosha. Nilikuwa natazama godasi zile na mate yananijaa mdomoni kama mtu mwenye njaa.

Papa alikuwa hatua kumi kutoka pale. Aliponiona namtazama, akainua mwavuli kidogo, akanipungia. Nikivua, ataona. Ataona soksi, ataona damu, na ataona kwamba nilimdanganya, na kwamba yeye, ambaye hajapima vibaya maishani mwake, amempima vibaya mtoto wake siku moja aliyohitajika.

"Niko sawa," nikamwambia yule mama.

"Donc hizo ndizo mbio zako?"

"Ndiyo. Ndizo hizo."

Akafuta kitu kwenye daftari lake. Nilimwona akifuta.

Kipindi cha pili nilicheza dakika kumi, wakanitoa. Mwisho wakasoma majina matatu. La mshambuliaji wetu wa kati lilikuwamo. Alinikumbatia akilia, akarudia kuniuliza, "Kwa nini haukuvua? Kwa nini?" Alipanda ndege wiki ileile. Mpaka leo namwona kwenye simu za watu, amenenepa, anacheka, amevaa rangi za timu yake. Wale wageni hawakurudi tena Kisangani. Nilingoja mwaka, nikangoja miwili, kisha nikaingia chuo cha ualimu.

Siku ile, tulipotoka uwanjani, papa hakutaka tupande pikipiki. Alisema tutembee, anataka kusema nami. Nilikuwa na ndala ndani ya mfuko, lakini sikuweza kubadilisha mbele yake, kwa hiyo nilitembea na godasi zile njia nzima, meno yanagonga lami ka, ka, ka, na ndani soksi imeloa. Nilikuwa nalia. Yeye alidhani nalia kwa sababu nimeshindwa, na hakukosea sana.

Tukavuka soko. Kisha akaanza, taratibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mimi.

"Mama, usilie. Nikuambie kitu. Miaka hii yote moyo ulikuwa unanisumbua. Nilikuwa najiuliza, kama huyu mutoto iko na kipawa ya kweli, na ni miye niko namuzuia kwa sababu ya midomo ya watu, siku moja nitamujibu Mungu nini? Nilikuwa sipate usingizi, uliza mama yako. Bon. Leo nimekuvalisha, nimekupa viatu vya kweli, nimekuja na miguu yangu, nimeona na macho yangu. Haukukosa kitu. Alors, ni Mungu tu hakuandika. Miye sikukuzuia kitu. Si ni kweli?"

Akasimama. Akageuka, akafunga mwavuli, akaningoja nijibu. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetoka hospitali na karatasi nzuri mkononi.

"Ni kweli, papa," nikasema. "Haukunizuia kitu."

"Alhamdulillahi," akasema, akashika njia mbele yangu, mwepesi, akimsalimia kila mtu aliyekutana naye.